Juma Moja Nyuma ya Nyumba Yetu

Likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane huleta furaha na matata pamoja katika jamaa zetu. Wanafunzi wamefunga madaftari, nguo za shule zimefuliwa na kukunjwa, na tangu siku ya tatu wazazi husikia neno lile lile: «Hapa hakuna la kufanya.» Wenye bahati hupelekwa kijijini kwa mababu, ambako kuna mto, na mitego, na hadithi za jioni. Wabakiao mjini hujiona kama watu walioachwa kituoni, gari likiisha kuondoka.

Leo twataka kusema nanyi juu ya hao wabakiao. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao mwezi wa saba uliopita, na juma moja tulilolipitisha nyuma ya nyumba yetu lilitufundisha jambo ambalo twaona lafaa jamaa nyingine pia: kwamba mnyama tunayemwogopa, mara nyingi ni mnyama ambaye hatujapata kumtazama.

Nyumba yetu iko Lubumbashi, katika mtaa usio wa matajiri wala wa maskini kabisa. Nyuma yake pana kiwanja kidogo, au lupango kama watu wa Katanga tusemavyo. Ndani yake mna mwembe mmoja, mparachichi mmoja, matuta ya lengalenga, matembele, kabeji na vitunguu, kisima, kibanda cha kuwekea makala na mahindi, na katika pembe ya mwisho nusu ya kichuguu cha kale. Kiangazi kwetu huanza mwezi wa tano, na mvua hazirudi kwa kweli mpaka mwezi wa kumi. Katika mwezi wa saba majani ya porini yamekauka au yameungua, vumbi jekundu limefunika kila kitu, na usiku baridi yaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Lakini bustani inyweshwayo maji asubuhi na jioni hubaki mbichi. Ndiyo sababu kila chenye mabawa, chenye miguu au chenye magamba katika ujirani hukimbilia huko kutafuta chakula, kivuli na tone la maji.

Watoto walikuwa wameahidiwa kwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, kwa nkambo wao, yaani mama mzaa baba. Lakini nkambo ndiye aliyekuja kwetu, kwa sababu ya kikohozi kisichotaka kumwacha, ili aonwe na mganga wa hospitali. Alikuja na mfuko wa mahindi ya mbegu, aliyoyachagua kwa mkono wake, gunzi kwa gunzi, asikubali kuyaacha nyuma. Mfuko ukawekwa kibandani, na safari ya Kasenga ikafutwa.

Tena palikuwa na jambo jingine. Tangu majuma mawili, usiku, chini ya mabati ya kibanda kile, ilisikika sauti mbaya. Haikuwa wimbo, bali mkwaruzo mrefu, kama wa mtu apasuaye shuka kuukuu gizani. Mtaa mzima ulijua ni nini. Ni bundi. Na mahali penye mgonjwa, bundi hahesabiwi kuwa ndege tu. Nkambo hakusema neno, lakini aliketi kitandani mpaka alfajiri, na kitenge mabegani, akisikiliza. Binti yetu wa miaka 11, alalaye naye chumba kimoja, alituuliza asubuhi kwa sauti ndogo: «Je, amekuja kumchukua?»

Kumjibu mtoto kwamba hayo ni maneno ya kijinga ni jambo rahisi, wala halifai kitu, maana kwa neno hilo hilo tungemwambia mama yetu mzazi kwamba yeye ni mjinga. Basi tuliweka sheria moja kwa juma zima, kwa wakubwa na wadogo: katika kiwanja hiki hakuna mnyama atakayepigwa jiwe wala kufukuzwa, kabla hajatazamwa vema na habari zake kuandikwa katika daftari. Nyoka na siafu tuliwatoa katika sheria hiyo. Nyoka huachiwa njia, na mtoto humwita mkubwa. Siafu huachiwa nyumba. Wengine wote wangetazamwa kwanza. Daftari lilikuwa lile la hesabu, lililobakiwa na kurasa nyeupe mwishoni.

Jumatatu tulianza na mzee wa kiwanja, yaani kichuguu. Wageni wapitao barabara za Katanga hushangaa kuona vichuguu vyetu, ambavyo vingine vyafika mita 8 kwenda juu. Chetu hakifiki mita 2, kwa sababu mwenye kiwanja wa zamani alikikata ili afyatue matofali. Kuta za nyumba tulalamo zimetoka tumboni mwake. Kijana wetu wa miaka 14 alikuwa na hakika kwamba kimekufa. Kwa ncha ya kisu alibandua kipande cha udongo kadiri ya kidole gumba, akaketi na saa mkononi. Dakika 5 hazijapita, vichwa viwili vikubwa vya rangi ya kahawia vilitokea tunduni: askari. Nyuma yao wakaja wafanya kazi, kila mmoja na chembe ya udongo mbichi kinywani, akipaka na kurudi, akipaka na kurudi. Jioni tundu lilikuwa limezibwa, na kiraka chake kilikuwa cheusi kwa unyevu, katika mwezi usio na tone la mvua. Unyevu huo waliutoa ardhini, chini sana.

Tuliwaeleza watoto kwamba mchwa hawa ni wakulima kama sisi. Ndani ya vyumba vyao huotesha kuvu juu ya majani na miti waliyoitafuna, na kula mavuno yake. Mvua za kwanza zikinyesha, kuvu hiyo huchipuka nje na kuwa ule uyoga uuzwao kando ya barabara zetu, ambao kwa aina iliyo kubwa kupita zote kofia yake yaweza kufikia karibu mita 1 kwa upana. Wataalamu waliopima umri wa vichuguu vya namna hii katika misitu ya miombo ya Katanga walitoa matokeo yao mwaka 2015, na kimoja walikiona kimepita miaka 2000. Kijana aliandika katika daftari: «Kichuguu hakikufa. Labda ni mzee kuliko mji.» Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910.

Jumanne ilikuwa zamu ya kitindamimba, mwenye miaka 6. Chini ya upenu wa kibanda, mahali pasipolowa maji, mchanga umejaa vishimo vya duara, vipana juu na vyembamba chini. Yeye alidhani ni alama za mvua ya mwaka jana. Tulimwambia alale kifudifudi na kungoja. Sisimizi mmoja akapita ukingoni, mchanga ukateleza chini ya miguu yake, naye akajitahidi kupanda. Ndipo kutoka chini ya kishimo mchanga ukarushwa juu kama kwa koleo, mara moja, mara mbili, na sisimizi akaporomoka katika meno mawili yaliyopindika kama koleo la mhunzi. Mtoto alipiga kelele, kisha hakuondoka pale mpaka wakati wa chakula. Alichimbua mwenye shimo kwa jani: mdudu wa kijivu, mnene, asiyejua kutembea ila kinyumenyume. Hakuamini tulipomwambia kwamba mdudu huyu atajifunga katika kifuko cha mchanga na nyuzi, kisha atatoka na mabawa marefu manne, afanane na kereng'ende. Kwa kuwa hajui kuandika sawasawa, alichora shimo, na ndani yake meno.

Jumatano tulikaa chini ya mwembe. Mwezi wa saba mwembe wetu huwa umevaa maua yake madogo, mengi hata matawi huonekana yenye ukungu wa manjano, na wadudu huvuma ndani yake tangu jua kupanda. Mama wa watoto hapendi nzi, naye ana haki. Asubuhi ile alikuwa akiwaza kununua dawa ya kupuliza. Tulimwomba binti ahesabu kwanza. Alichagua kishada kimoja, akakitazama kwa robo ya saa, akiweka kistari kwa kila mgeni. Matokeo: nzi wa kila namna 31, nyuki 6, nyigu 2, sisimizi asiohesabika. Hapo tulikuwa na neno la kusema. Maua ya mwembe hayategemei nyuki tu. Nzi ndio wafanyao sehemu kubwa ya kazi ya kuchukua unga wa ua hili na kuupeleka katika ua lile, na pasipo kazi hiyo maua huanguka bure. Mtu apulizaye dawa juu ya mwembe uliochanua, huenda akaua nzi wa leo pamoja na maembe ya mwezi wa kumi na mbili.

Si kwamba sasa twawakaribisha nzi mezani. Chakula hufunikwa, choo hufunikwa, na taka hufukiwa, kama ilivyokuwa tangu zamani. Lakini mama wa watoto hakununua dawa, na fedha ile ilinunua mafuta ya kula.

Alhamisi kelele zilitoka kwenye ua wa miti upande wa jirani. Watoto watano wa mtaani walikuwa na fimbo, na mbele yao, juu ya tawi, kinyonga wa kijani alikuwa amejivimbisha, amefumbua kinywa na kutoa sauti ya kupuliza. Kinyonga hana sumu, wala hawezi kumdhuru mtu. Silaha yake ni kujionyesha mkubwa kuliko alivyo. Lakini makabila mengi ya Afrika yetu yasimulia kwamba yeye ndiye mjumbe aliyechelewa njiani na habari ya uzima, hata mauti yakatangulia. Na kwa kosa hilo la hadithi amepigwa mawe vizazi na vizazi. Kijana wetu akawaeleza wenzake sheria ya juma, kwa ukali kidogo kuliko ilivyopasa, nao wakaketi chini, wengine kwa kutaka kumcheka.

Hawakucheka muda mrefu. Kinyonga alipoona kwamba hapigwi, alinywea, akaanza kutembea kwa mwendo wake wa kuyumba, jicho moja likitazama watoto, na la pili likitafuta mbele. Panzi alikuwa juu ya jani, mbali kadiri ya kiganja na nusu. Macho yote mawili yakageuka pamoja. Kisha hapakuwa na panzi. Wengine waliapa kwamba hawakuona kitu. Ulimi wa kinyonga hupita urefu wa mwili wake bila mkia, nao hutoka na kurudi upesi kuliko jicho la mtu liwezavyo kufuata. Watoto wale walirudi kesho yake, pasipo fimbo, kuuliza kama bado yupo.

Jioni ile ile ya Alhamisi mzee jirani alikuja kutuona. Ni mtu mwema, aliyetusaidia mara nyingi. Alikuja kwa kumhurumia mama yetu. Alikaa, akanywa chai, kisha akasema: «Baba, lete ngazi. Kijana wangu atamwondoa bundi huyu kwa manati. Au tutie dawa ya panya ndani ya nyama, tuiweke juu ya kibanda.» Tulimjibu kwamba tumeweka sheria kwa watoto, na mzazi avunjaye sheria yake mwenyewe hatasikilizwa tena. Naye akauliza, kwa sauti ya chini ili isisikike chumbani: «Na mama akifa?»

Lilikuwa swali la kweli, wala hatukulipuuza. Tulisema kwamba mganga wa hospitali ameujua ugonjwa wake, kwamba anameza dawa kila siku kwa saa yake, na kwamba hofu isiyomwacha alale yamdhoofisha kuliko ndege. Tukamwomba atungoje mpaka siku ya Mungu. Mzee akakubali, lakini alipotoka hakupita karibu na kibanda.

Ijumaa usiku umeme ulikatika, na kwa mara ya kwanza tulifurahi kukatika kwake. Tuliketi sote nje, tumejifunika mablanketi, isipokuwa nkambo aliyekuwa dirishani mwake. Mwezi ulikuwa nusu. Karibu saa mbili, kutoka nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati, kilitokea kitu cheupe chenye sura kama moyo uliochorwa. Bundi huyo ni wa namna ile ipendayo kukaa katika majengo ya watu. Alijitupa hewani, akapita juu ya vichwa vyetu, chini hata tungaliweza kumgusa kwa fimbo ya ufagio. Nasi hatukusikia kitu. Njiwa akiruka hupiga makofi. Kunguru husikika kutoka mbali. Huyu alipita kama moshi. Ukingo wa manyoya ya mabawa yake umechambuka kama nyuzi za nguo, na huo huivunja hewa kimya kimya. Ule uso wa duara nao una kazi: hukusanya sauti kama mkono uliowekwa nyuma ya sikio. Masikio yake hayakulingana, moja liko juu kidogo kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo aweza kujua mahali panya alipo katika giza tupu, kwa kusikia tu.

Alirudi baada ya muda na kitu katika makucha. Alipoingia tu, ule mkwaruzo wa kutisha ukaanza, mkali kuliko siku zote, kisha ukanyamaza ghafula. Binti ndiye aliyesema: «Kumbe si yeye aliaye. Kuna wengine ndani.» Dakika 20 baadaye alirudi tena, na ikawa vivyo hivyo: kelele, kisha kimya. Binti aliandika saa kila mara, kwa mwanga wa kibatari. Mpaka saa nne usiku bundi alikuwa amekuja mara 5.

Jumamosi, ambayo wazee wetu bado waiita siku ya posho, tulisimamisha ngazi mchana. Kijana alipanda na taa ya mkono, akatazama kwa kitambo kifupi, akashuka. Watatu, alisema, weupe kama pamba, wa kimo mbalimbali, mkubwa karibu mara mbili ya mdogo. Ndivyo ilivyo kwa bundi: mama hutaga yai moja moja, kwa kupitisha siku, na huanza kulalia tangu la kwanza, kwa hiyo watoto huanguliwa kwa kufuatana. Chini ya nafasi ile, juu ya magunia ya makala, tulikuta vibonge vikavu vya kijivu, kila kimoja kadiri ya kidole gumba. Bundi humeza panya mzima. Nyama humeng'enywa, lakini mifupa na manyoya hubaki, hukusanyika tumboni, naye huvitapika katika kibonge kimoja. Mtu akivifungua vibonge hivyo, ni kama kusoma daftari la matumizi ya nyumba yake.

Tulivianika juani, tukavifungua juu ya gazeti kuukuu kwa vijiti, si kwa vidole, kwa maana panya huchukua magonjwa. Na baada ya kazi kila mtu alinawa kwa sabuni. Vibonge 9 vilitoa mafuvu 26. Kijana aliyapanga kwa safu. Yenye meno mawili marefu ya manjano mbele, na pengo nyuma yake, ni ya panya: yalikuwa 22. Yenye meno madogo makali yasiyo na pengo ni ya kirukanjia: 3. Moja lilikuwa la ndege mdogo. La kifaranga cha kuku, ambacho mtaa ulimsingizia bundi, halikuonekana hata moja.

Panya 22 si kitu kidogo. Panya wetu wa mashambani, yule ambaye jike lake laweza kuwa na chuchu hata 24, huzaa watoto 10 au zaidi kwa mimba moja, na hangoji mwaka kuzaa tena. Hula mbegu kabla hazijapandwa, na akiba baada ya kuvunwa. Twajua pia kwamba panya na viroboto vyao hueneza tauni, ugonjwa ambao katika Kongo yetu umeendelea kuonekana huko Ituri hata katika miaka hii ya karibuni. Wakulima wa nchi nyingine wamekwisha kuyafikiri hayo. Katika mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia, bundi wa namna hii huwekewa masanduku juu ya nguzo ili wazae na kula panya. Huko Israeli, wakulima wa kijiji cha Sde Eliyahu walianza kuwawekea masanduku mwaka 1983, na baadaye wakulima wa Yordani wakaingia katika kazi hiyo nao. Bundi hajui mpaka wa nchi, na panya vilevile.

Siku ya Mungu, baada ya chakula, binti aliomba ruhusa kuchukua gazeti lile lenye mafuvu na kulipeleka kwa nkambo. Tulisita, kisha tukaona kwamba ni haki yake kujua. Mzee jirani alikuwapo pia, kama alivyoahidi. Nkambo aliweka miwani, akainama. Hakuyatazama yote, alichukua fuvu moja kwa kijiti, akalielekeza kwenye mwanga, akayakagua yale meno mawili ya manjano kwa muda mrefu, kama mama akaguaye sarafu sokoni. Kisha akauliza: «Mahindi yangu je?» Kijana alikimbia kibandani akauleta mfuko. Pembe moja ilikuwa imetafunwa, zamani, na magunzi mawili yalikuwa yameliwa. Mengine yote yalikuwa mazima.

Binti akamweleza juu ya sauti. Akamwonyesha saa alizoziandika: mama aingia, kelele, mama amelisha, kimya. Nkambo alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Basi ni watoto wanaolia njaa. Mimi nililea saba. Kilio hicho nakijua.» Alinyamaza kidogo, akaongeza: «Lakini nkambo wangu aliniambia habari za bundi, wala hakuwa mwongo. Aliyasema aliyoyajua. Huyu na akae mpaka watoto wake waruke. Ila mimi nitahamia chumba cha mbele, kwa sababu hata watoto wa watu hawanilazi wakilia usiku kucha.» Mzee jirani akacheka, na sisi pia, na kitanda kikahamishwa kabla ya jua kutua. Usiku ule alilala.

Hatusemi kwamba bundi alimponya mama yetu, kama vile hatukukubali kwamba angemwua. Dawa ya hospitali ilifanya kazi yake polepole, na kikohozi kilimwacha baada ya majuma mengi. Watoto wa bundi waliruka mwishoni mwa mwezi wa nane. Katika mwezi wa tisa nkambo alirudi Kasenga na mbegu zake, mvua hazijaanza.

Wazazi wapenzi, kama likizo ijayo itawakuta nyumbani, mwaweza kufanya kama sisi pasipo gharama yoyote. Chukueni daftari lenye kurasa zilizobaki. Chagueni kila siku kiumbe mmoja, wala msitafute wa ajabu. Chura alalaye chini ya mtungi wa maji atosha. Mpeni kila mtoto kazi kwa kadiri ya umri wake: mmoja kuhesabu, mmoja kuandika saa, mdogo kuchora. Sahani moja ya maji kivulini itawaita ndege wengi kuliko mtego. Msiwaache watoto kutia mkono shimoni, wala kushika mnyama aliyekufa.

Tena kuhusu dawa za panya ziuzwazo katika soko zetu, twaomba mfikiri mara mbili. Nyingi haziui mara moja. Panya aliyeila huzunguka siku kadhaa, amelewa, rahisi kukamatwa. Na bundi au paka amlaye humeza sumu pamoja naye. Hivyo mwaweza kumwua mlinzi na kumbakiza mwizi. Funikeni akiba vizuri, zibeni matundu ya ghala, ondoeni taka karibu na nyumba, na kazi ya usiku mwachieni aijuaye.

Na ninyi wanafunzi, nyumbani mwenu wamo wazee waliopokea hofu zao kutoka kwa wazazi wao, kama walivyopokea pia mbegu na hekima ya kulima. Msiwacheke. Tazameni vema, andikeni kwa uaminifu, kisha waleteeni mlichokiona mbele ya macho yao, mkanyamaze kidogo, mwaache waseme.